Imamu Abu Hanifa: Mfanyabiashara aliyeikataa faida yenye shaka

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, ambaye mikononi mwake zimo hazina za mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, Masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, kila Ijumaa adhana inapoadhiniwa, mwenye duka, mwenye meza sokoni na mwenye ofisi hupewa mtihani mmoja. Qur'ani Tukufu katika Suratul Jumu'a imetuamuru tuache biashara na tuende kumtaja Mwenyezi Mungu, kisha Swala ikimalizika tutawanyike katika ardhi tukatafute fadhila zake. Alhamdulillahi, wengi wetu mtihani huo tunaufaulu. Tunafunga milango kwa muda, tunaswali na tunarudi kwenye shughuli zetu.

Lakini uko mtihani wa pili ulio mzito zaidi, nao huanza pale mlango wa duka unapofunguliwa tena. Mteja amesimama mbele yako. Hajui bei ya haki, hajui kasoro iliyojificha ndani ya bidhaa, na wala hapana jicho linalotazama isipokuwa la Mwenyezi Mungu. Hapo ndipo utii unapokuwa na gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa fedha taslimu.

Leo tumechagua kusimulia maisha ya mtu aliyeilipa gharama hiyo maisha yake yote, akaanza na dirhamu chache za nguo moja na akamalizia na uhuru wake mwenyewe. Huyo ni Imamu Abu Hanifa, Allah amrehemu. Wengi wanamjua kuwa ni mwenye madhehebu, mmoja wa Maimamu wanne. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alikuwa pia muuza vitambaa.

KIJANA WA SOKONI

Jina lake ni Nu'man bin Thabit. Alizaliwa mwaka 80 Hijria, sawa na mwaka 699 Miladia, katika mji wa Kufa nchini Iraq. Mji huo uliasisiwa mwaka 17 Hijria (638) katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), ukiwa kambi ya majeshi ya Kiislamu. Baadaye Sahaba Abdullah bin Mas'ud (R.A.) alisomesha hapo, na Sayyidna Ali (R.A.) aliufanya kuwa makao yake makuu. Alipozaliwa Nu'man, Kufa ilikwisha kuwa mji wa elimu na vilevile mji wa biashara.

Kwa nasaba hakuwa Mwarabu. Babu yake alitoka upande wa Kabul, katika nchi ambayo leo inaitwa Afghanistan. Wajukuu wa Imamu wamesimulia kwamba babu huyo alimpeleka mwanawe Thabit, angali mdogo, kwa Sayyidna Ali (R.A.), naye akamwombea baraka yeye na kizazi chake. Thabit alikulia katika biashara, na mwanawe Nu'man akarithi kazi hiyo. Alikuwa na duka mashuhuri mjini Kufa, akiuza nguo za thamani zilizofumwa kwa hariri na sufu. Hakuwa mtu wa dhiki. Alivaa vizuri, alijitia manukato, na alijua kulitazama vazi akatambua thamani yake.

Katika ujana wake soko lilimchukua karibu lote. Inasimuliwa kwamba siku moja alipita mbele ya mwanachuoni mkubwa wa Kufa, Imamu Ash-Sha'bi, naye akamuuliza anakwenda wapi. Kijana akajibu kuwa anakwenda sokoni. Mzee akamweleza kuwa hakukusudia soko, alikusudia kujua anahudhuria darsa ya mwanachuoni gani. Kijana akakiri kwamba huwaendea wanavyuoni mara chache tu. Ash-Sha'bi akamnasihi asighafilike, ashikamane na elimu na vikao vya maulamaa, kwa sababu aliona kwake dalili za akili na uchangamfu. Maneno hayo yalimwingia moyoni.

Kwanza aliingia katika elimu ya mijadala ya itikadi, akawa mahiri. Kisha, kama alivyosimulia mwenyewe, alijiwa na mwanamke aliyemuuliza jambo la talaka, na yeye asijue jibu. Akamwelekeza kwa Sheikh Hammad bin Abi Sulayman, akamwomba arudi amweleze alichojibiwa. Mwanamke alirudi na jibu, na Abu Hanifa akaona upungufu wake. Akachukua viatu vyake, akaenda kuketi mbele ya Hammad.

Aliketi hapo kwa miaka 18. Katikati ya muda huo nafsi ilimshawishi aanzishe darsa yake mwenyewe. Ikatokea Hammad akasafiri kwenda Basra kwa sababu ya mirathi ya jamaa yake, akamwachia Abu Hanifa nafasi yake kwa miezi miwili. Watu wakamuuliza maswali mapya, naye akayajibu na kuyaandika. Mwalimu aliporejea akaonyeshwa maswali 60 na majibu yake. Aliyakubali 40 na akamkhalifu katika 20. Hapo Abu Hanifa akaapa kuwa hatamwacha mwalimu wake mpaka kifo kiwatenganishe. Hammad alifariki mwaka 120 Hijria (738), na wanafunzi wakamkalisha Abu Hanifa katika nafasi yake.

DUKA HALIKUFUNGWA

Ndugu msomaji, hapa panahitaji mazingatio. Mtu angetarajia kwamba aliyekuwa Imamu wa Kufa angelifunga duka lake na kuishi kwa zawadi za watawala na matajiri. Abu Hanifa hakufanya hivyo. Aliendelea na biashara kwa kushirikiana na wenziwe, akasafirisha bidhaa kwenda miji mingine, huku akisomesha msikitini. Hakuona kuwa mali ni uchafu. Alijua kuwa Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara, na kwamba Sayyidna Uthman na Abdurrahman bin Awf (R.A.) walikuwa matajiri, nao ni miongoni mwa waliobashiriwa Pepo. Alichokiona ni kwamba mali ina mwenyewe, naye ni Mwenyezi Mungu, na kwamba mfanyabiashara ni wakala aliyepewa masharti.

Tutazame jinsi alivyoyatekeleza masharti hayo.

Siku moja alijiwa na mwanamke aliyekuwa na vazi la hariri la kuuza. Alimuuliza bei, akasema dirhamu 100. Mfanyabiashara wa kawaida angelipa haraka kabla mwenye mali hajabadili mawazo. Abu Hanifa alimwambia kuwa vazi lile lina thamani zaidi ya hiyo. Mwanamke akaongeza 100, naye akamwambia bado. Akaendelea kuongeza mia moja moja mpaka zikafika 400, na bado Imamu akasema vazi lina thamani zaidi. Mama yule akadhani anafanyiwa mzaha. Imamu akamtaka amlete mtu wa kulithamini. Mtu akaletwa, na Abu Hanifa akalinunua kwa dirhamu 500. Kwa hesabu ya dunia alipoteza dirhamu 400 kwa ulimi wake mwenyewe.

Siku nyingine alikuja bibi kizee aliyetaka kununua nguo. Akaeleza kuwa yeye ni mtu dhaifu, hajui mambo ya soko, na akaomba auziwe kwa bei ile ile aliyonunulia mwenye duka. Imamu akampa nguo ile kwa dirhamu 4. Bibi akaona anachekwa kwa ajili ya uzee wake. Abu Hanifa akamweleza kwamba alinunua nguo mbili kwa pamoja, ameuza moja, na fedha aliyoipata imerudisha mtaji wote isipokuwa dirhamu 4. Kwa hiyo nguo iliyobaki imemsimamia kwa dirhamu hizo 4.

Wanafunzi wa fiqhi wanaijua maana ya kisa hiki. Mnunuzi anapomwachia muuzaji kutaja mtaji wake, akanunua kwa bei hiyo hiyo au kwa kuongeza faida inayojulikana, biashara hiyo inaitwa biashara ya amana. Neno la muuzaji linakuwa ni dhamana. Akisema nimenunua kwa elfu kumi na hali amenunua kwa elfu saba, amekhini amana, hata kama mnunuzi ameondoka akiwa amefurahi. Ni mara ngapi katika masoko yetu tunaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hata mtaji haujarudi?

KISA CHA MSHIRIKA WAKE

Kisa kinachomdhihirisha zaidi ni kile cha mshirika wake, Hafs bin Abdurrahman. Imamu alimtumia bidhaa akauze, na ndani yake mlikuwa na nguo moja yenye kasoro. Akamwelekeza waziwazi kwamba nguo hiyo atakapoiuza ambainishie mnunuzi kasoro yake. Hafs akauza bidhaa zote na akasahau kubainisha. Zaidi ya hayo, hakumjua tena mnunuzi ni nani wala alikokwenda.

Ndugu zangu, tujiulize sisi tungefanyaje. Kosa si la Imamu, ni la mshirika. Wala mshirika hakukusudia, alisahau. Mnunuzi hakulalamika, na pengine hakuiona kasoro hiyo maisha yake yote. Isitoshe, ni nguo moja tu katika shehena nzima. Hoja za kuzihalalisha fedha zile zilikuwa nyingi, na hapakuwa na mtu aliyekuwa hodari wa hoja katika Iraq yote kuliko Abu Hanifa.

Pamoja na hayo, alichukua thamani yote ya bidhaa zile, si ya nguo moja tu, akaitoa sadaka. Fedha ya haramu ilikwisha kuchanganyika na ya halali, na haikuwezekana kumrudishia mwenye haki haki yake. Baadhi ya wapokezi wanasema zilikuwa dirhamu 30,000, na kwamba ushirika wake na Hafs ulikomea hapo.

Mtu mwenye elimu aliyezoea kutafuta mwanya wa sheria angeupata mwanya huo. Abu Hanifa alikuwa na uwezo wa kutoa fatwa ya kuwasahilishia watu, na mara nyingi alifanya hivyo. Kwa nafsi yake alichagua uzito. Inasimuliwa kwamba mbuzi wa wizi walipochanganyika na mbuzi wa Kufa, aliuliza mbuzi huishi muda gani, akaambiwa miaka 7, naye akaacha kula nyama ya mbuzi kwa miaka 7. Inasimuliwa pia kwamba hakukubali kusimama katika kivuli cha ukuta wa mtu aliyemwia deni, akichelea manufaa hayo madogo yasije yakaingia katika mlango wa riba. Mambo haya hakuwalazimisha watu. Huo ni wara'a, yaani kujiepusha na yenye shaka ili mtu asiingie katika yaliyo haramu. Kama mtu huyu alikiogopa kivuli, sisi tunaokula riba yenyewe na kuiita kwa majina mengine tutajibu nini?

FAIDA ILIKWENDA WAPI?

Inapokelewa kwamba kwa zaidi ya miaka 40 hakuweka mkononi mwake zaidi ya dirhamu 4,000. Kilichozidi alikitoa. Faida ya biashara aliikusanya mwaka hadi mwaka, akawanunulia wanavyuoni na wanafunzi chakula, mavazi na mahitaji yao, na kilichobaki akawagawia fedha. Aliwaambia wamshukuru Mwenyezi Mungu peke yake, kwa sababu hakuwapa chochote katika mali yake, bali ni fadhila ya Allah iliyopitia mikononi mwake.

Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa kijana maskini, Ya'qub bin Ibrahim, ambaye historia inamjua kwa jina la Abu Yusuf. Mzazi wake aliona kuwa darsa haziwalishi, akamtaka aende akatafute riziki. Imamu alipoona nafasi yake ni tupu aliuliza habari zake. Aliporudi akampa mfuko wenye dirhamu 100, akamwamrisha ashikamane na darsa na amwarifu zikimalizika. Kijana hakupata kumwarifu, maana kila zilipokaribia kumalizika mfuko mwingine ulikuja wenyewe. Faida za duka la vitambaa zikamlea mtu ambaye baadaye, katika utawala wa Harun Ar-Rashid, alikuwa wa kwanza kuitwa Kadhi Mkuu, na akaandika kitabu mashuhuri kuhusu kodi na mapato ya dola ya Kiislamu.

Nyumbani kwake hali ilikuwa hiyo hiyo. Mwanawe Hammad, aliyempa jina la mwalimu wake, alipohifadhi Suratul Fatiha, Imamu alimpelekea mwalimu wa chuo dirhamu 500. Mwalimu akaona ni nyingi mno kwa sura moja. Imamu akamfahamisha kuwa asikidharau alichomfundisha mtoto, na kwamba lau angekuwa na zaidi ya hizo angempa kwa kuitukuza Qur'ani. Wazazi tunaochelewesha ada ya madrasa miezi mitatu huku tukilipia mambo mengine siku ile ile, tukikumbuke kisa hiki.

BEI YA KUKATAA

Mtu aliyezoea kuiacha faida dukani alikuja kutakiwa aache kitu kikubwa zaidi. Mwishoni mwa utawala wa Bani Umayya, gavana wa Iraq, Yazid bin Umar bin Hubayra, aliwataka wanavyuoni wakubwa washike vyeo katika serikali yake. Nchi ilikuwa imejaa fitina na watawala walihitaji majina yenye heshima ya kuzipamba amri zao. Abu Hanifa alitakiwa ashike wadhifa, na wapokezi wanatofautiana iwapo ulikuwa ni ukadhi au usimamizi wa Baitulmali. Alikataa.

Gavana akaapa kumpiga, na akaamrisha apigwe mijeledi. Inasimuliwa kwamba alipigwa mijeledi 110, kila siku 10, naye akaendelea kukataa mpaka akaachiwa. Uso wake ulikuwa umevimba. Kilichomuuma zaidi, kwa maelezo yake mwenyewe, ni huzuni ya mama yake, kuliko mapigo yale.

Mwaka 130 Hijria akaondoka Kufa, akahamia Makka, na akakaa hapo mpaka utawala ulipobadilika. Bani Abbas walishika dola mwaka 132 Hijria (750), naye akarejea Iraq na kuendelea na darsa yake.

Khalifa wa pili wa Bani Abbas, Abu Ja'far Al-Mansur, alimkaribia kwa njia nyingine. Alianza na zawadi. Aliamrisha apelekewe dirhamu 10,000. Siku fedha zilipotarajiwa kufika, Imamu aliswali, akajifunika nguo, na hakusema na mtu. Mjumbe akauweka mfuko katika pembe ya nyumba na kuondoka. Fedha zile zikakaa pale pale. Imamu alimuusia mwanawe kwamba atakapokwisha kuzikwa, auchukue mfuko huo na kumrudishia aliyeuleta, amwambie hii ndiyo amana yako.

Wasomaji wapenzi, hapa ndipo tunapoliona duka kwa jicho jingine. Abu Hanifa aliweza kuziacha dirhamu 10,000 za Khalifa zilale kwenye pembe ya nyumba kwa sababu chakula chake hakikutoka ikulu. Duka lilimpa mkono wa juu. Na lile duka lenyewe lilikuwa limemzoesha, nguo baada ya nguo, kusema hapana. Aliyeshindwa kuacha faida ya dirhamu mia moja kwa bibi kizee hawezi kuacha elfu kumi za mfalme.

MWISHO WAKE

Mwaka 145 Hijria (762) Al-Mansur alianza kuujenga mji wa Baghdad, na akamwita Abu Hanifa awe kadhi. Imamu alikataa akisema kuwa hafai kwa kazi hiyo. Khalifa akamwambia kuwa amesema uongo, yeye anafaa. Abu Hanifa akamjibu kwamba Khalifa amekwisha kuhukumu mwenyewe: ikiwa yeye ni mkweli, basi amesema kuwa hafai, na ikiwa ni mwongo, basi mwongo hafai kuwa kadhi. Khalifa akaapa kuwa ataifanya kazi hiyo, na Imamu naye akaapa kuwa hataifanya. Waliokuwapo walishangaa kuona mtu anaapa mbele ya Amiri wa Waumini.

Zipo riwaya zinazosema kwamba, ili kiapo cha Khalifa kitimie, alikubali kazi ya kuhesabu matofali ya ujenzi wa mji huo. Muuza vitambaa aliridhika kuhesabu matofali, na hakuridhika kukalia kiti ambacho alihofu kingemlazimisha kuhukumu kwa matakwa ya mtawala.

Tuwe waadilifu hapa. Ukadhi si haramu. Ni kazi tukufu, na mwanafunzi wake Abu Yusuf aliushika baada yake akawanufaisha Waislamu. Kila mtu na zama zake, na kila mtu na nia yake. Alichokiona Abu Hanifa ni kwamba kwa mtawala yule, na kwa wakati ule, cheo kilikuwa ni bei ya kununulia ulimi wake, naye ulimi wake haukuwa bidhaa ya kuuzwa.

Alitiwa gerezani, na inasimuliwa kuwa alipigwa humo pia. Alifariki Baghdad mwaka 150 Hijria (767), akiwa na umri wa miaka 70 kwa hesabu ya Hijria. Wapo waliosema alifia gerezani, na wapo waliosema alifariki muda mfupi baada ya kutolewa. Aliusia azikwe katika ardhi ambayo haikuporwa kwa wenyewe, ndipo akazikwa katika makaburi ya Khayzuran. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba aliswaliwa mara 6, na Khalifa mwenyewe alikuja kumswalia kaburini. Hata kaburi lake alilitafutia halali.

Katika mwaka huo huo wa 150 Hijria, mji wa Gaza ulipata mtoto aliyeitwa Muhammad bin Idris, naye ndiye Imamu Shafi, ambaye wengi wetu katika mwambao huu wa Afrika Mashariki tunafuata madhehebu yake. Alipokua alisoma Iraq kwa Muhammad bin Al-Hasan Ash-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, na alikiri kwamba watu wote katika fiqhi wanamtegemea Abu Hanifa. Basi elimu inayosomwa katika madrasa zetu za Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja ina sehemu yake iliyolipiwa na faida ya duka lile la Kufa, faida iliyotoharishwa kwanza.

SISI NA MADUKA YETU

Ndugu zangu, hatutakiwi sote tuwe Abu Hanifa. Hakuna atakayetupiga mijeledi tukatae ukadhi. Sisi mtihani wetu uko kwenye kanga iliyokunjwa ili doa lisionekane, kwenye mzani ulioegemezwa kidole, kwenye nazi mbovu iliyotiwa chini ya kapu. Uko kwenye sukari, tende na unga wa ngano vinavyopandishwa bei mwezi wa Ramadhani unapoandama, na mpandishaji akawa wa kwanza kuingia safu ya mbele ya tarawehe. Uko kwenye stakabadhi iliyoandikwa kiasi kisicho cha kweli ili mwajiri alipe zaidi.

Na mtihani huo haumhusu mwenye duka peke yake. Ni wa familia nzima. Mtoto anayeambiwa na baba yake amjibu mwenye deni kwamba baba hayupo, amekwisha kusomeshwa darsa ya biashara ambayo madrasa itachukua miaka kuifuta. Mke anayemlaumu mumewe kwa kurudi na kidogo cha halali, na kumsifu jirani aliyejenga kwa njia isiyojulikana, anamsukuma mwenzake kwenye moto. Na mke anayemwambia mumewe kuwa yeye na watoto wataisubiri njaa lakini hawatausubiri Moto, huyo ni mshirika mwema kuliko mshirika yeyote wa sokoni.

Wengine watasema kuwa ukweli haulipi, na kwamba soko la leo si soko la Kufa. Soko ni lile lile. Kufa nako palikuwa na wenye kuficha kasoro na wenye kuapa kwa uongo, na wote walipata faida zao. Leo hapana anayeyajua majina yao. Tofauti ya Abu Hanifa nao haikuwa katika bei za bidhaa. Ilikuwa ni kwamba yeye kila jioni alifunga hesabu mbili, ya duka na ya Akhera, na hesabu ya pili ilipogongana na ya kwanza, aliipa ya pili haki yake.

Basi leo baada ya Swala, tukifungua tena milango yetu, kila mmoja aanze na jambo moja. Aliyekwisha kuuza chenye kasoro na anamjua mnunuzi, amwendee amweleze na amrudishie haki yake. Asiyemjua, atoe sadaka kwa niaba yake na amwombe Mola wake msamaha. Mwenye deni alilolikimbia, amkabili mwenye haki yake hata kama mfukoni hana kitu, amuombe muda. Dirhamu chache za leo ndizo zitakazotuzoesha kuyashinda makubwa ya kesho.

Ewe Mola wetu, turuzuku riziki ya halali na ututosheleze kwayo na haramu. Utie baraka katika maduka yetu, mashamba yetu na kazi zetu, na uwalee watoto wetu katika ukweli. Mrehemu Imamu Abu Hanifa na maulamaa wote waliotufikishia dini hii, na utufufue pamoja na wafanyabiashara wakweli. Amin.

Wabillahi tawfiq.